Kukohoa Baada ya Upasuaji

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji katika hospitali moja mjini Tanga, wakati wa mvua za masika, nami nikiwa na mafua yaliyokwisha kushuka kifuani. Upasuaji haukuwa umepangwa. Uchungu ulikwama, mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, na muda mfupi baadaye nilikuwa nimeketishwa juu ya kitanda cha chumba cha upasuaji, mgongo nimeukunja, nikidungwa sindano ya ganzi. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu. Maumivu yalinijia usiku, ganzi ilipoisha, na yalinijia pamoja na kikohozi.

Mtu mzima wa afya hukohoa bila kuwaza kwamba tumbo lake lote hukaza kwa nguvu kila mara. Mimi nililazimika kulifikiria hilo kabla ya kila kikohozi, kwa sababu kila kilipopanda nilihisi mshono ukivutwa kutoka ndani, nami nikakibana kooni hadi machozi yakanitoka. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwanamke wa makamo, akaja kusimama kando ya kitanda. “Usikibane, mama,” aliniambia. “Makohozi yakilala kifuani yatakuletea homa ya mapafu.” Akaichukua kanga yangu, akaikunja mara kadhaa mpaka ikawa nene, akailaza juu ya bendeji, kisha akaniwekea viganja vyangu viwili juu yake. Nilitakiwa kukunja magoti, kuvuta pumzi polepole, kukandamiza kanga kwa uthabiti, na hapo ndipo nikohoe. Mkono unapolishika tumbo kwa nje, ule msukumo wa ndani hauuvuti mshono kama mwanzo. Sitasema kwamba maumivu yaliondoka, lakini yalipungua kiasi cha kuniwezesha kukohoa, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimepumzika kidogo.

Asubuhi mpira wa mkojo ulitolewa, nikaambiwa nishuke kitandani. Niliogopa sana. Nilidhani ningeinuka kama nilivyozoea, kifua kikitangulia, ambayo ndiyo njia inayolitwika tumbo mzigo wote. Muuguzi yule, ambaye zamu yake ilikuwa inakaribia kwisha, alikataa. Alinitaka nigeuke mzima mzima kama gogo, mabega na nyonga vikienda pamoja, nilale ubavu, niteremshe miguu ukingoni mwa kitanda, kisha nijisukume juu kwa kiwiko na kiganja. Mikono ndiyo iliyofanya kazi, tumbo likabaki limetulia. Tulitembea hadi dirishani na kurudi, naye akinikumbusha ninyooshe mgongo, maana mzazi anayetembea ameinama ili kukilinda kidonda huishia kuumwa na mgongo pia. Alinieleza vilevile kwamba kutembea mapema huamsha matumbo na kuzuia damu isigande katika mishipa ya miguu.

Kilichonishangaza zaidi ni bega la kulia, lililouma kana kwamba nimebebeshwa gunia. Nililalamika, nikidhani nililazwa vibaya. Kumbe hewa na damu kidogo inayobaki tumboni baada ya upasuaji huweza kusumbua kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na kwa kuwa neva zake hutokea shingoni, karibu na zile za bega, mgonjwa huyasikia maumivu begani. Kwa bega, na kwa gesi iliyokuwa imenijaa tumboni, dawa yangu ikawa ni kutembea, kulala ubavu na kutafuna bigijii, kwani kutafuna huudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja, nao huanza kazi mapema.

Hapo ndipo alipowasili shangazi yangu kutoka Pangani, akiwa na chupa ya uji wa pilipili manga na nia thabiti ya kunikanda. Baada ya salamu alimwambia muuguzi wa mchana kwamba kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na kwamba tumbo lisipokandwa litabaki na uchafu. Muuguzi hakumkatisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Bibi, mgongo, mabega na miguu mkande upendavyo. Tumbo liache, lina kidonda kibichi, na maji ya moto yatakiumiza.” Shangazi alinyamaza kidogo, akaridhia. Alinikanda nyayo na mashavu ya miguu kwa mafuta ya nazi, taratibu, huku akinisimulia habari za nyumbani, nami nikajikuta nimelegeza taya nililokuwa nimelikaza tangu usiku. Kwa kunyonyesha pia alinifaa. Mtoto akinilalia tumboni niliumia, na alipoanza kunyonya mfuko wa uzazi ulijikaza nikasikia chango. Shangazi akamlaza mtoto ubavuni mwangu, chini ya kwapa, juu ya mto, miguu yake ikielekea mgongoni mwangu, hata kidonda kikabaki huru.

Dawa nilizinywa zote kwa wakati wake, paracetamol na diclofenac, na ninamwomba yeyote asimnyime mzazi vidonge kwa jina la ustahimilivu. Haya mengine yalikuja juu ya dawa, si badala yake. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yalichunguza njia kama hizi kwa waliojifungua kwa upasuaji, zikiwemo kukandwa, muziki na tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba (akupancha), na kwamba baadhi zilionekana huenda zinapunguza maumivu, ingawa ushahidi wenyewe bado ulikuwa dhaifu. Sikushangaa kuhusu kukandwa.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba sikufundishwa lolote kati ya haya kabla ya kisu. Kliniki nilihudhuria, nikafunzwa dalili za uchungu na namna ya kusukuma, lakini juu ya kugeuka kitandani na kukohoa baada ya upasuaji hapakuwa na neno hata moja, ilhali yeyote kati yetu tuliokuwa kwenye benchi lile angeweza kupasuliwa. Kujifunza kugeuka wakati tumbo ni zima ni jambo la dakika chache. Kujifunza usiku wa manane, baada ya mshono, ni mateso.

Nyumbani shangazi aliendelea na miguu na mgongo, na akanifunga mkaja kiunoni, si wa kubana, ili tumbo liwe na kitu cha kuegemea ninapotembea. Arobaini ilipofika aliuliza tena kuhusu tumbo. Tulikwenda pamoja kwa daktari, akakikagua kidonda, akakibonyeza pembeni, akaruhusu maji ya uvuguvugu kwa kitambaa laini. Shangazi alimwuliza mara mbili, uvuguvugu wa kiasi gani, na daktari akamjibu kwamba ni ule ambao angemwogeshea mtoto.