Ile 2 iliyopotea kwenye kipeperushi

Jana usiku kitindamimba wangu kanikuta mezani na kipeperushi kipya, kidole nimekiweka kwenye neno la mwisho kabisa huku chini, napanda juu neno moja moja, akaniuliza mama mbona unasoma kinyumenyume. Nikamwambia ndo ninavyotafuta makosa, ukianzia mwanzoni akili inashajua kinachokuja inajijazia yenyewe, ukianzia mwisho kila neno linabaki peke yake. Akasema haya, akaenda zake kulala. Mimi nikabaki pale nawaza ile miduara ya kutu.

Mimi na mwenzangu tunaosha mazulia majumbani kwa watu, na wakati huo tulikuwa bado na ile mashine ya kwanza. Vipeperushi tulivyokuwa navyo viliandikwa harakaharaka, "zuria" badala ya zulia, "tunahosha" na h yake, na mimi vitu hivyo vinaniuma kweli. Mtu anakufungulia sebule yake umwage maji juu ya kitu alichojibana mpaka akakinunua, hajakuona wala hajakusikia, anachokijua ni hiyo karatasi tu, sasa kama jina la unachokiosha limekushinda ataaminije kwamba doa utaliweza? Basi nikakaa nikaandika upya yote. Nikafuta "tunatoa madoa yote". Hapo tulivutana, mwenzangu anasema kila mtu anaandika hivyo, nikamwambia lakini si kweli na wewe unajua si kweli. Blichi ikimwagikia zulia la sufu lile si doa tena, rangi imeshakwenda na nyuzi zenyewe zimeliwa, uoshe mara mia hurudishi kitu. Na pale dirishani palipochujuka kwa jua ni hivyohivyo. Nikaandika: kuna madoa hayatoki, na tutakuambia kabla hatujaanza. Mstari ule naupenda mpaka leo, haujawahi kutoka.

Ikabaki sentensi ya mwisho, zulia nene linaweza kuchukua masaa 24 kukauka. Mwenzangu akasema we si unajifanya mkali wa lugha, "masaa" ya nini, andika saa. Kweli bwana. Nikarudi kwenye kompyuta nikafuta nikaandika saa, tukaprinti kopi 1,000.

Wiki mbili tatu baadaye ikapigwa simu. Mama mmoja mtu mzima, siku tuliyomwoshea hakuwepo, tulimkuta binti yake tukamwachia kipeperushi tukamwambia maelezo yote yamo humo. Hakufoka. Akasema njooni tu muone.

Tukaenda. Shikamoo, marahaba, akatupeleka moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha chuma, akapiga magoti polepole mkono mmoja umeshika kiti, akainua mguu wa mbele. Chini yake kuna duara la kutu, dogo, rangi ya udongo mwekundu, pembeni limekolea katikati limefifia, na manyoya ya zulia yamelala yameshikana. Akaushusha, akainua mwingine. Akaushusha, akainua mwingine. Yote minne, bila kusema neno, na mimi nimesimama nimeshika mkoba wangu sijui hata niuweke wapi. Halafu akatoa kipeperushi chetu, amekikunja vizuri, akakifungua akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho akausoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma mtu asiyetaka kukosea. Zulia nene linaweza kuchukua saa 4 kukauka.

"Mimi nilisubiri saa 6, mwanangu. Nikasema niongeze mbili kwa usalama."

Nikaitafuta ile 2. Niliisoma karatasi ikiwa bado mkononi mwake, nikarudia, haipo. Wakati nafuta "masaa" niliifuta nayo.

Tulifanya kinachofanyika, dawa ya kutu, kwanza tukaijaribu kona isiyoonekana, kisha kugonga kwa kitambaa cheupe bila kusugua, kusuuza, kufyonza maji, na safari hii vipande vya plastiki chini ya kila mguu. Miduara mitatu ilitoka. Wa nne ulibaki kama kivuli. Hela yake tukamrudishia, kopi zote zilizobaki tukazichana, nikaandika tena nikaongeza na kwamba usirudishe fanicha hasa yenye miguu ya chuma mpaka ushike chini kabisa ya manyoya na mkono utoke mkavu. Hilo la mkono ndo nilipaswa kuliandika tangu mwanzo, maana zulia jembamba kwenye chumba chenye upepo linakauka mapema na nene kwenye chumba kilichofungwa linaweza kupita hata hizo 24.

Mwenzangu aliniambia usijitese, kukosea si kudanganya. Najua. Lakini yule mama alikuwa amekaa na karatasi peke yake, angetofautisha vipi? Bado sijapata jibu la hilo linaloniridhisha.

Ametuita tena mara mbili tangu pale. Kila tukimaliza anauliza saa ngapi, namtajia, anaandika mwenyewe kwa kalamu nyuma ya kipeperushi na mimi nasubiri amalize.

Asubuhi hii mtoto kauliza, mama uliliona kosa? Nikamwambia bado, hebu kaa hapa unisomee namba, mimi nafuatisha.