Siku kigwe kilipoingia chini ya mkia

Zabibu alikuwa poni, farasi wa umbo dogo, wa miaka mitatu, urefu wake begani sentimita 124, na mgongo wake ulikuwa bado haujakomaa kubeba mtu. Ndiyo maana mjomba akaamua tumfundishe kwa vigwe virefu, yaani kamba za kumwongozea farasi. Mtu hutembea kwa miguu nyuma ya farasi, kigwe kimoja mkono huu na kingine mkono ule, kila kimoja karibu mita nane, na farasi hujifunza kuondoka, kukata kona na kusimama kabla hajapandwa wala kufungwa gari. Mjomba alikuwa na uzoefu. Mimi nilikuwa na miaka 17 na haraka nyingi.

Siku za mwanzo kazi yangu ilikuwa kumpapasa tu kwa kamba ya pamba: shingoni, mbavuni, juu ya kiuno, kisha nyuma ya mapaja hadi chini karibu na kwato. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na kitu kikimgusa nyuma asikokuona, damu yake humwambia akimbie au apige teke. Zabibu alipofika mahali akawa anasinzia huku kamba ikimpitia mapajani, tukamvika mkanda wa tumboni wenye pete ubavuni, tukamzungusha kwenye duara kwa kigwe kimoja. Maneno yalikuwa matatu: "twende", "taratibu", "simama". Lijamu, kile chuma cha kinywani, hatukumtia. Vigwe tulivifunga kwenye hatamu ya kichwani, kwa sababu mjomba hakutaka mkono wangu mgeni uharibu kinywa cha mnyama. Hilo namshukuru mpaka leo.

Kigwe cha pili aliniambia nisubiri, awepo yeye wa kumshika kichwa. Asubuhi moja alichelewa. Nikakipitisha kwenye pete, nikakizungusha nyuma ya mapaja, nikarudi nyuma hatua kadhaa na kukaa upande kidogo, mahali ambapo teke halifiki na jicho lake linaniona. Nikasema, "Twende."

Akaenda! Nilifurahi mno. Tulizunguka uwanja mara mbili kama watu waliozoeana, na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisahau kuangalia kigwe cha kulia. Kililegea. Zabibu akapunga mkia kufukuza nzi, kigwe kikaingia chini ya shina la mkia, naye akaubana kwa nguvu zake zote.

Nikavuta.

Ngozi ya pale chini ni laini, haina manyoya. Kamba ilipomkwaruza alizidi kubana, na alivyozidi kubana ndivyo nilivyozidi kuvuta. Mgongo ukapinda, akatimka. Kigwe nilikuwa nimekiviringisha kiganjani, jambo nililokatazwa tangu siku ya kwanza, nacho kikanibana vidole na kuniburuta kifudifudi mpaka kilipochomoka na ngozi yangu. Zabibu akazunguka uwanja mbio, vigwe vikimfuata mchangani. Alivyokimbia ndivyo vilivyomfuata, na alivyofuatwa ndivyo alivyokimbia. Sijawahi kuona mnyama ameachwa peke yake namna ile.

Nikainuka nimkimbilie. Sauti ya mjomba ikanikuta kutoka langoni, ya chini kabisa.

"Muache. Mpe mgongo."

Nikageuka. Nilisikia kwato zikipungua, kisha pumzi tu. Mjomba alimwendea kwa upande wa bega, akamwekea kiganja shingoni, akavifungua vigwe kimya kimya.

"Mkono unauma?" akaniuliza.

"Unauma, mjomba."

"Basi na yeye huko nyuma kunamuuma hivyo hivyo. Akibana mkia, wewe legeza. Akiona kamba haimvuti, atauinua mwenyewe."

Hakuniambia zaidi. Tulirudi kwenye kamba ya pamba, na safari hii tulianza na mkia wenyewe, baada ya kidonda chake kupona. Nilisimama ubavuni mwake, bega langu likigusa kiuno chake, nikaupitisha mkunjo wa kamba chini ya mkia na kungoja. Alibana. Sikuvuta, sikuondoa. Nilihesabu pumzi zake. Shina la mkia lilikuwa gumu kama mpini, halafu likaanza kulainika, na palepale nikaitoa kamba. Siku ya kwanza alichukua muda mrefu hata miguu yangu ikafa ganzi. Siku ya nne alibana kidogo tu. Siku ya 11 kamba ilikaa chini ya mkia naye akalamba midomo na kutafuna hewa, kama wafanyavyo farasi wakitulia.

Ndipo mjomba akanirudishia vigwe viwili. Alimshika kichwa hatua za kwanza, kisha akamwachia, akakaa pembeni. Nilivikunja mkononi kwa mikunjo iliyolala, bila kuviringisha, kovu la kiganja likiwa bado jekundu. Tulipokaribia kona, sikio la kushoto la Zabibu likageuka nyuma, likanielekea, likatulia hapo. Nikafumba vidole vya kushoto, kidogo tu, kama ninayekamua kitambaa. Akapinda kushoto. Nikafumbua.

Mbele yangu mkia ulining'inia mlegevu, ukiyumba kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo wa miguu yake.