Nilivyoijenga nyumba ya Isamilo kwenye kompyuta kabla ya kununua saruji

Kiwanja chenyewe kilishuka mita 2 kutoka barabarani hadi upande unaotazama Ziwa Victoria, na jiwe moja limekaa katikati kama mwenye nyumba. Mama aliyenipa kazi alikuja na ramani nzuri tu, ila ya kiwanja tambarare. Isamilo ni Mwanza hiyo, mji wa vilima na mawe!

Nilitumia Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, na kiongezi chake cha majengo kiitwacho Bonsai, vyote vya bure. Kazi huhifadhiwa kwa mfumo wa IFC, aina ya faili za majengo inayosomwa na programu nyingi, hivyo mkadiriaji majenzi alifungua faili kwa programu yake nyingine kabisa. Kwenye modeli, yaani nyumba hiyo ya kompyuta, ukuta si mistari miwili. Una unene, kimo na aina ya tofali. Ukipanua dirisha kisha ukaiambia programu ikokotoe vipimo upya, eneo la ukuta linapungua, na hesabu ya tofali nayo.

Jasho lilikuwa kwenye ardhi. Mimi na fundi mkuu tulipima viwango vya ardhi kwa mpira wa maji, ambao maji yake husimama usawa mmoja ncha zote mbili, kila baada ya mita 2, nikaviingiza kimoja kimoja. Mawe tulipima yanayoonekana, kisha tukachimba mashimo ya majaribio, maana kompyuta haioni mwamba uliojificha.

Hapo ndipo pesa ilipoonekana. Nyumba ni mita 10 kwa 12. Sakafu yote ikilingana na upande wa juu, ilidai kifusi cha mita za ujazo 120. Nikaigawa sakafu sehemu mbili sawa, ya chini ikashuka mita 1: kifusi kikawa 60, na ukuta wa msingi uliokuwa ufike mita 2 ukaishia 1.

“Na mimi nikizeeka, ngazi nitapandaje, mwanangu?” Mama akauliza.

“Chumba chako, jiko na choo viko juu, usawa wa barabara, mama. Chini ni sebule na vyumba vya wageni.” Nikamzungushia nyumba kwenye skrini, akakubali.

Bei sikuiweka ndani ya modeli. Modeli inatoa idadi. Bei ikakaa kwenye jedwali pembeni, kwa sababu duka la vifaa halina bei ya kudumu.

Jua lilitusumbua zaidi. Tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa mwaka mzima, na ziwa liko magharibi. Huku jua la mchana hufika juu kabisa karibu saa saba, hivyo saa kumi bado ni kali. Kibaraza cha mita 2 kilifunika dirisha la sebule hadi saa kumi hivi. Kufikia saa kumi na moja miale ilishapita chini yake. Nilipendekeza dirisha lipunguzwe. Mama hakutaka hata kusikia, ziwa ndilo alilonunulia kiwanja. Tukaweka luva, yaani vibao vya mbao vilivyopangwa vya kufungua na kufunga, na madirisha ya upande wa pili ili upepo wa ziwa upite nyumba nzima.