Anzia kwenye kistari: nilivyojifunza kusoma majina ya ndege za kijeshi

Kosa lenyewe lilisomwa kwa sekunde nne hivi. Nilikuwa zamu ya jioni, natafsiri habari za kimataifa za taarifa ya saa moja usiku, na habari mojawapo ilisema Marekani imepeleka ndege kadhaa za KC-135 karibu na eneo lenye mzozo. Sikujua KC-135 ni kitu gani. Mtangazaji alikuwa ameshaketi mbele ya kipaza sauti, nami nikaandika "ndege za kushambulia aina ya KC-135". Ikaenda hewani hivyo hivyo.

Asubuhi yake mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kuwa fundi katika Jeshi la Anga la Kenya, alinisimamisha nje ya duka la mkate. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, jana mmetangaza tangi la mafuta mkaliita la kushambulia. Ile kazi yake ni kuwajazia wenzake mafuta huko huko angani. Mabomu haibebi."

Iliniuma. Kuna watu wana ndugu zao wanaofanya kazi katika nchi zile, wanaisikiliza redio yetu kujua kama vita vimeanza. Ndege ya mafuta na ndege ya mabomu si habari moja.

"Basi nifundishe, mzee."

Akaomba kalamu. Kwenye ukingo wa gazeti nililokuwa nalo akaandika KC-135R kwa herufi kubwa, akakizungushia duara kile kistari. "Anzia hapa," akasema, "halafu uende kushoto."

Mimi nimelelewa Mombasa, nimekaa chuoni mbele ya msahafu kabla sijaingia darasa la kwanza, kwa hiyo kusoma kutoka kulia kwenda kushoto hakukunipa taabu. Herufi iliyo jirani na kistari, upande wa kushoto, ndiyo kazi ya asili ya ndege. Hapa ni C, ndege ya uchukuzi. Ukisogea tena kushoto unakuta K, kujaza mafuta angani: hiyo ni kazi iliyoongezwa juu ya ile ya asili. Upande wa pili wa kistari, 135 ni namba ya muundo, na R ni toleo. Matoleo huanza na A, na herufi I na O hurukwa ili mtu asizidhanie kuwa moja na sifuri.

Usiku ule nililala nikiwaza jambo moja: mbona hii ni sarufi yetu? Chukua mzizi -toto. Ukiweka m- unapata mtoto, ukiweka ki- unapata kitoto, ukiweka ji- unapata jitoto. Mzizi umekaa palepale, kiambishi ndicho kinachogeuza maana. Kesho yake nikaikusanya familia nzima ya 135 na kuipanga hivyo. KC-135 inajaza mafuta. RC-135 inapeleleza, inanasa mawasiliano na mawimbi ya rada. WC-135 ina W ya hali ya hewa, lakini umaarufu wake ni kuchota sampuli za hewa ili kutafuta chembe zenye mionzi baada ya jaribio la bomu la nyuklia. OC-135 ilikuwa ya uangalizi, ikiruka chini ya Mkataba wa Anga Wazi, ulioruhusu nchi wanachama kukaguana kwa ndege kutoka angani, ambao Marekani ilijitoa mwaka 2020. Umbo karibu ni lile lile, namba ni ile ile, herufi moja tu imebadilika, na habari nzima imebadilika nayo. Anayesikia kwamba RC-135 imeonekana pwani ya nchi fulani ana haki ya kujua kwamba kuna anayesikilizwa.

Nilikata karatasi za kalenda iliyokwisha nikatengeneza kadi: herufi mbele, maana nyuma, na kistari kwa wino mwekundu. B ya kudondosha mabomu, C, F ya mapambano ya angani na T ya mafunzo nilizimaliza kwa siku moja, kwa sababu zinafuata maneno ya Kiingereza ambayo kila mtu anayajua. A ni kushambulia shabaha za ardhini, P doria, S kusaka nyambizi. Zilizonisumbua ni E, ambayo ni vifaa maalumu vya elektroniki. U, yaani kazi mchanganyiko. Na M, kazi nyingi kwa pamoja. Halafu kuna zile zinazotaja aina ya chombo chenyewe, nazo hazibanduki kwenye kistari: H kwa helikopta, Q kwa droni, V kwa ndege inayoweza kupaa na kutua wima. Kwa hiyo CH-47 ni helikopta ya uchukuzi na AH-64 ni helikopta ya kushambulia. Predator ilianza kama RQ-1, droni ya upelelezi. Ilipokwisha kufungwa makombora, mwaka 2002 ikaitwa MQ-1. Mabadiliko ya herufi moja yalikuwa tangazo kwamba kile chombo sasa kinaweza kuua.

Nilikwama nilipoanza kusoma habari za zamani. Niliikuta ndege ya F4D nikaihesabu kuwa F-4, ile ndege ya kivita iitwayo Phantom, toleo la D. Picha ikanikatalia: mabawa mapana yaliyojipinda, injini moja, haifanani na Phantom hata kidogo. Nilirudi kwa mzee na picha zote mbili. Aliziangalia, akauliza, "Kistari kiko wapi?"

Hakikuwepo. F4D bila kistari ni Skyray ya kampuni ya Douglas. F-4D yenye kistari ni Phantom ya McDonnell. Ni ndege mbili tofauti kabisa.

Sababu yake ni kwamba hadi mwaka 1962 Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na utaratibu wake peke yake. Lilianza na herufi ya kazi, likafuata na namba inayoonyesha hiyo ni ndege ya ngapi ya aina ile kutoka kwa mtengenezaji yule, kisha herufi ya mtengenezaji. D ilikuwa ya Douglas, U ya Vought, H ya McDonnell, F ya Grumman. Ndiyo maana F4F Wildcat ina F mbili zisizohusiana: ya kwanza ni mapambano, ya mwisho ni Grumman. Na kwa kuwa kiwanda kilikuwa ndani ya jina, ndege ile ile ya Corsair, iliyoundwa na viwanda vitatu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na majina matatu: F4U ya Vought, FG ya Goodyear na F3A ya Brewster.

Jeshi la Anga nalo lilikuwa na lake. Phantom ilipoingia, Jeshi la Majini liliiita F4H na Jeshi la Anga likaiita F-110. Ndege moja, wizara moja, majina mawili! Robert McNamara akiwa Waziri wa Ulinzi, mnamo Septemba 1962 majeshi yote yakaingizwa kwenye mfumo mmoja. Phantom ikawa F-4, Skyray ikawa F-6. Helikopta ya HU-1, ambayo askari walikuwa wameshazoea kuiita "Huey" kwa kuyasoma maandishi yake, ikageuzwa kuwa UH-1 ili H ikae jirani na kistari. Jina la utani halikubadilika.

Kuna majina yasiyotii kanuni, na hapa sikubali tena kukisia. U-2 ilipewa U ya kazi mchanganyiko ili kuficha kwamba ni ya upelelezi. Ndiyo iliyotunguliwa Urusi ya Kisovieti tarehe 1 Mei 1960 ikiwa na rubani wake, Francis Gary Powers. F-117 ina F lakini kazi yake ilikuwa kudondosha mabomu usiku. F-35 ilirithi namba ya ndege ya majaribio X-35 mwaka 2001, wakati zamu ilikuwa ya 24. F/A-18 ina alama ya mkwaju ambayo haimo kwenye kanuni kabisa. Nimeziandika hizi kwenye kadi ya rangi nyingine.

Mzee alinimalizia somo kwa ndege aliyoijua kwa mikono yake, ile F-5 inayopita juu ya uwanja kwenye sikukuu za kitaifa nchini Kenya. F-5E ina kiti kimoja. F-5F ina viti viwili, mwalimu na mwanafunzi. "F hii ya nyuma," akasema akiigonga karatasi kwa kidole, "haina udugu na ya mbele. Hiyo ni toleo tu."

Siku hizi nikiwa zamu sitafsiri jina, natafsiri kazi. KC-135 naiandika "ndege ya kujaza mafuta angani". P-8 ni "ndege ya doria ya baharini". C-17 ni "ndege ya uchukuzi ya kijeshi", na neno "kivita" nimeliacha kwa zile zinazopigana. MQ-9 tulibishana kidogo na mhariri. Yeye alitaka "ndege isiyo na rubani", mimi nikashikilia "droni yenye silaha", maana ni fupi kutamka na msikilizaji anaelewa papo hapo inaweza kufanya nini. Tumeafikiana: ile ndefu mara ya kwanza, pamoja na silaha zake, kisha droni hadi mwisho wa habari.