Praima Haifichi Kitu: Nilivyopata Bodi Laini ya Datsun 240Z

Bodi ya modeli ya plastiki ya gari la Datsun 240Z, ya kuunganisha mwenyewe kwa kipimo cha 1/24, ina urefu wa sentimita 17 hivi, yaani inakaa vizuri juu ya kiganja cha mtu mzima, lakini ilinichukua miezi mitano kuifikisha mahali ambapo sioni haya kumwonyesha mgeni. Muda huo haukuliwa na matairi, wala viti, wala kubandika namba 11 milangoni. Uliliwa na praima, rangi ya chini ambayo kila niliyemwomba ushauri aliniambia nisiumize kichwa kwa ajili yake. "Praima ni praima, bosi, kazi yake kushika rangi tu," aliniambia fundi mmoja wa rangi za magari pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na wengine wakarudia maneno hayo kwa namna zao, nami nikawaamini wote mpaka bodi ikaharibika mara tatu mfululizo.

Gari lenyewe nililipenda tangu utotoni, kwa sababu picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye karakana ya baba: jekundu, boneti nyeusi, vumbi limesimama nyuma yake, gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Kama ningechagua kifaru cha vita au jahazi, pengine nisingekuwa na la kusimulia, maana rangi iliyofifia husamehe mengi. Wekundu unaong'aa hausamehe. Mkwaruzo wa msasa uliobaki chini huonekana juu kama ufa, na kwa kuwa gari limepunguzwa mara 24, punje ya vumbi iliyonaswa kwenye rangi inaonekana kama jiwe ambalo mtu amelitupia juu ya paa.

Ushauri wa mwanzo ulitoka kwa wajenzi wa modeli walioko ng'ambo, nao kwa kauli moja walinituma kwa Wajapani. Sina ugomvi na bidhaa hizo. Mr. Surfacer, praima yao ya modeli, ina namba 500, 1000, 1200 na 1500, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa laini. Kampuni ya Tamiya nayo ina praima ya kijivu, nyeupe, hata ya waridi, ambayo kila aliyeitumia huisifu. Ugomvi wangu ni na mtu anayekaa mahali ambapo duka la modeli liko mtaa wa pili, kisha anakwambia "agiza tu". Kopo la kupuliza lina gesi inayowaka, na chupa za kupaka kwa brashi zimejaa viyeyushi vinavyoshika moto, kwa hiyo vitu hivyo havipandi ndege kama soksi na viatu. Shemeji aliyeniletea modeli alikuwa na makopo mawili ndani ya begi. Modeli ilifika, makopo yalibaki kwa wakaguzi.

Ndipo nikashuka Gerezani. Yule fundi alinimiminia praima ya kijivu kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaichanganya na thina kali, ile inayokausha haraka, "ili isikucheleweshe", akachukua elfu kumi na kitu. Nyumbani nilichovya brashi, nikapaka boneti kuanzia upande wa kioo. Kwa muda wa kama sekunde kumi ilipendeza mno, nikaanza hata kujipongeza. Kisha uso ukaanza kusinyaa mbele ya macho yangu kama utandu wa maziwa unapopulizwa, ukajikunja kuelekea katikati, na nilipojaribu kuusawazisha kwa ncha ya brashi, brashi ikanyanyua nyuzi za plastiki nyeupe, ndefu na zenye kunata kama ulimbo. Kadiri nilivyosawazisha ndivyo nilivyochimba. Nilipoacha, boneti ilikuwa na mfereji ambao Herrmann mwenyewe angeupunguzia mwendo, na majuma mawili yaliyofuata niliyamaliza nikiujaza fila, ile lami ya kuzibia mashimo, na kuusugua.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza, kwa kuwa labda kila mmoja aliona liko wazi, ni kwamba modeli hizi hutengenezwa kwa polistirini. Thina za magari huwa na asetoni, toluini na jamaa zao, ambazo bati halizihisi kabisa lakini polistirini huyeyuka mbele yake. Hata praima zilizotengenezwa mahususi kwa modeli zina viyeyushi vinavyoing'ata plastiki kidogo, na huko kung'ata ndiko kunakoifanya rangi ishike. Tofauti iko kwenye kiasi. Ukungu mwembamba hukauka kabla haujapata nafasi ya kula, ilhali brashi iliyolowa hukaa palepale ikitafuna. Tangu siku hiyo kila rangi mpya naijaribu kwanza kwenye zile fremu ambazo vipande vimeshikizwa, kwa sababu ni plastiki ileile na mwisho wake ni jalalani. Wako wanaojaribia vijiko vya plastiki vya kutupwa, lakini kijiko kinaweza kuwa plastiki ya aina nyingine kabisa kikakudanganya. Fundi alinishawishi pia ninunue praima ya bampa, nayo ikawa hasara tupu: hiyo ni ya kulazimisha rangi kushika kwenye plastiki za bampa zisizoshikika, wakati polistirini haina tatizo hilo, ilmradi umeiosha kwa sabuni ya vyombo na hujaishika tena kwa vidole vyenye mafuta.

Baada ya hapo nilihamia kwenye makopo ya kupuliza ya magari, na nikaharibu kwa namna mbili mpya. Mara ya kwanza nilifuata ushauri wa kupiga mkono mmoja mzito ili praima izibe mikwaruzo yote. Ilizibika kweli, pamoja na mistari ya milango, matundu ya hewa na herufi ndogo za nyuma. Gari likawa kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Mara ya pili nilijifunza kupiga nyembamba, lakini nilipiga jioni ya mwezi Aprili, mvua ikiwa imetoka kukatika na shuka zilizoanikwa hazijakauka tangu juzi. Kiyeyushi kinapopaa hupoza uso wa rangi, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika imebeba maji ya kutosha kutua juu ya kitu chochote kilichopoa. Praima yangu ya kijivu iligeuka mbele ya macho yangu ikawa na utando mweupe kama jivu kwenye magoti ya mtoto, na ukiigusa inaacha unga kidoleni. Siku hizi nina kipima unyevu cha bei ya soda kadhaa; kikisoma asilimia 80 kwenda juu sipigi rangi, hata kama kila kitu kiko tayari na mikono inaniwasha. Alfajiri nayo haifai, japokuwa upepo umetulia, kwa kuwa huo ndio wakati unyevu uko juu. Kati ya saa tano na saa tisa mchana ndipo napata nafasi.

Kilichoniokoa nisinunue modeli nyingine ni mafuta ya breki, na nakiri kwamba hili nalo nililipata Gerezani, kwa hiyo nisiwaseme sana. Niliiweka bodi ndani ya boksi la plastiki la kuhifadhia chakula (lililokwisha kufukuzwa jikoni), nikamimina mafuta mpaka yakaifunika, nikaiacha siku mbili. Praima ilianza kuvimba na kuachia yenyewe, nikaisugua kwa mswaki mzee huku nimevaa glavu, kisha nikaiosha kwa sabuni mara tatu. Plastiki ilibaki nzima. Sehemu za vioo usithubutu kuzitia humo. Nililirudia zoezi hilo hadi nikawa namjua muuza mafuta ya breki kwa jina, naye akiniuliza kila mara kama gari langu lile bado halisimami.

Sasa nije kwenye mbinu yangu, ambayo nimeifurahia kuliko modeli yenyewe. Tatizo la kopo la magari si praima iliyomo. Ni mdomo wake, uliotengenezwa kufunika mlango mzima wa gari kwa pigo moja. Nilikuwa na brashi ya hewa, yaani kibomba kidogo cha kupulizia rangi, na kompresa ndogo niliyoinunua kwa mtu aliyeacha kupamba keki. Kwa hiyo niliamua kuitoa praima kwenye kopo na kuipuliza kwa brashi hiyo. Unachomeka mrija wa soda kwenye tundu la kopo, unaufunga kwa utepe, unaelekeza ncha ya pili ndani ya chupa ya kioo na kubonyeza taratibu. Mtu akitaka kupuliza moja kwa moja kutoka kwenye kopo, hulipasha kwanza ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, ili itoke kama ukungu. Mimi nilitaka kinyume chake, mkandamizo upungue, kwa hiyo kopo lilikaa friji saa mbili kati ya nyanya na samaki. Mama watoto alilikuta, na sitaandika aliyosema.

Praima ilitoka ikiwa baridi na yenye povu, ikatulia chupani, nami kwa furaha nikafunga kizibo barabara na kwenda kula. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba gesi inayoisukuma rangi kutoka koponi haiishi yote hewani. Nyingine imeyeyuka ndani ya rangi, na chupa inapopata joto la chumba huanza kutoka. Nilirudi nikaitikisa chupa kama dawa ya kikohozi, nikalegeza kizibo. Kilipaa. Kilifuatiwa na nusu ya praima, iliyokwenda dari, pangaboi, na kifua cha kanzu niliyoivaa kwa ajili ya Ijumaa. Pangaboi hiyo hadi leo ina bawa moja la kijivu lililopakwa kwa ulaini ambao sikuwahi kuupata kwenye Datsun kabla ya hapo. Mara ya pili niliacha chupa wazi, mdomo umefunikwa kwa kitambaa tu, dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa, mpaka vipovu vikaisha kabisa. Ilichukua karibu saa tatu. Ukiharakisha, vipovu hivyo utavikuta kwenye paa la gari.

Niliichuja kwa soksi ya nailoni, nikaongeza thina kidogo sana, ile isiyokausha kwa kasi na ambayo nilikuwa nimeijaribu kwenye fremu, nikaweka sindano ya milimita 0.5 kwa sababu ile ya 0.3 iliziba kila dakika. Mkandamizo ulikuwa kama psi 20. Mkono wa kwanza ulikuwa ukungu tu, plastiki nyeupe ikionekana bado. Mkono wa pili baada ya dakika kumi. Wa tatu ndio uliolowa kiasi cha kung'aa kwa nukta chache kabla ya kukauka. Pigo linaanzia nje ya gari na kuishia nje ya gari, kwa umbali wa sentimita 10 hivi. Nilipojisahau nikasogea mbali mbele ya dirisha lenye upepo, rangi ilikauka angani na kutua kama unga, ukipitisha ukucha unasikia mkwaruzo. Nilivaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, kwa kuwa barakoa ya kitambaa haizuii harufu wala madhara yake.

Baada ya siku mbili nilizima taa, nikalaza tochi ya simu sambamba na boneti. Mwanga ukipita juu juu namna hiyo, kila kosa hutupa kivuli chake. Niliona mshono wa kalibu ukipanda kwenye nguzo ya kioo cha nyuma, mshono ambao ningeapa nimeuondoa. Niliona kovu la ule mfereji, duara la fila ambalo lilikuwa limeshuka kwa unene wa karatasi. Niliona unywele, na ulikuwa wangu. Waliosema praima huficha makosa wangeona haya. Nilijaza fila tena, nikasugua kwa msasa wa maji namba 1000 kisha 1500, kwa kidole kimoja na tone la sabuni, nikisimama kila nilipofika kwenye kona maana hapo praima hutoka kwa pigo moja, nikapuliza tena mahali palipotoka. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya nne tochi haikuonyesha kitu.

Kijivu ni kizuri kwa kuona makosa, lakini rangi nyekundu ni dhaifu, haifuniki vizuri, na ukiipiga juu ya kijivu inatoka kama damu ya mzee. Kwa hiyo nilimaliza kwa praima nyeupe, mikono miwili myembamba, na boneti peke yake nikaiacha kijivu kwa kuwa ilikuwa inangoja nyeusi. Wekundu ulishika kwa mikono mitatu. Vanishi ilipokauka, taa ya dari ilionekana juu ya paa la gari, na pangaboi pia, pamoja na lile bawa lake.

Kwenye chupa imebaki praima ya kutosha gari moja dogo, na tayari nimeshaosha bodi ya Datsun 1600 SSS, ile iliyowapa Herrmann na Schüller ushindi wa mwaka 1970. Imo ndani ya boksi juu ya kabati. Kipimo leo asubuhi kimesoma 84.