Hana Hakumrudisha Samweli Nyumbani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili lote moyo wangu umekuwa Elizabeth City, North Carolina. Wengi mnajua kijana wetu yuko kule, kwenye shule ya waogeleaji waokoaji wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, wale wanaoshushwa kutoka kwenye helikopta kumfuata mtu anayezama baharini. Alipiga simu usiku, sauti imemkauka. Baadhi ya wenzake wameshaondoka. Akasema, "Mama, sijui kama nitafika mwisho." Nikamsikiliza, tukaomba pamoja, akaenda kulala. Mimi usingizi haukuja.

Neno lililonijia mpaka kwenye ulimi lilikuwa "Rudi nyumbani, mwanangu." Na kule ni neno zito, kwa sababu hakuna anayeshikiliwa. Mwanafunzi akisema basi, anaruhusiwa kuondoka. Mama akisema "rudi" usiku ambao mabega yanauma na pumzi imekwisha, anaweza kuamua jambo ambalo si lake kuamua.

Nikafungua 1 Samweli. Tunapenda kuhubiri machozi ya Hana, mama yake Samweli, kule Shilo, jinsi alivyoomba apate mtoto mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Juma hili nilikwama kwenye sura ya 2, mstari wa 19, kwamba mama yake alikuwa akimfanyia kanzu ndogo na kumletea mwaka kwa mwaka. Fikirini alimwacha wapi. Mtoto ndiyo kwanza ameachishwa maziwa, analelewa na mzee Eli, ambaye baadaye macho yalikuja kufifia, katika nyumba ambayo wana wa Eli walikuwa wakiidharau sadaka ya BWANA. Kila mwaka Hana alipanda, akamwona mwanawe kwa macho yake, kisha akashuka bila yeye. Hakumrudisha, wala hakumsahau. Akaketi kushona.

Na anayeshona anahitaji kipimo. Mtoto hayupo mbele yake. Mwaka mzima umepita. Amerefuka kiasi gani? Mabega yamefika wapi? Hana ilimbidi kila mwaka ashone kanzu kubwa kuliko ya mwaka uliopita, kwa imani kwamba Mungu anamkuza mtoto asiyemwona. Wazazi wenzangu, hapa ndipo Bwana aliponishika. Wengi wetu tunaomba kwa kipimo cha zamani. "Bwana, asichoke. Bwana, asiogope. Bwana, wampunguzie." Hayo ni maombi ya mtoto wa miaka mitano, na kijana huyu amekua. Mwombeeni pumzi. Mwombeeni akili iliyotulia chini ya maji. Mwombeeni aamke kesho na kuingia tena kwenye bwawa lile lile lililomshinda leo.

Wala msiombe walimu wawahurumie. Mwaka 1983, mwezi wa pili, meli ya makaa ya mawe iitwayo Marine Electric ilizama nje ya pwani ya Virginia. Watu 34 walikuwemo, wakanusurika 3 tu. Helikopta ya Walinzi wa Pwani ilifika, ikashusha kikapu cha kuwapandishia, lakini mikono ya waliokuwa majini ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, hawakuweza kukishika. Hapakuwa na mtu wa kushuka kuwafuata mpaka alipoletwa mwogeleaji wa Jeshi la Majini. Baada ya msiba huo ndipo Walinzi wa Pwani wakaanza kufundisha waogeleaji wao wenyewe. Msaada ulikuwa umeshuka kutoka juu. Alihitajika mtu wa kuingia majini. Sisi tuliookolewa na Neno aliyefanyika mwili, jambo hilo tunalielewa.

Kwa hiyo kule walimu wanajifanya watu wanaozama. Wanamrukia mwanafunzi, wanamkaba shingo, wanamdidimiza. Naye lazima atulie, ajinasue, kisha amrudie yule yule aliyemkaba na kumvuta hadi mahali salama. Nilipokuwa nimeshika simu nilijua kwamba hofu yangu ingeweza kumkaba vilevile, tena kwa mikono anayoipenda.

Sasa niseme na ushirika wetu, kwa upendo. Wako waliosema, "Anateseka kwa sababu Mungu hakumwita huko." Acheni maneno hayo. Paulo alivunjikiwa jahazi mara tatu, akakaa kilindini usiku na mchana, na wito wake ulikuwa wa kweli. Wako pia waliokwisha kumwita shujaa na kumwandalia sherehe. Hilo nalo acheni. Wengi wanaoanza mafunzo yale hawamalizi, na miongoni mwao wamo vijana wenye nguvu wanaompenda Mungu. Goti linapotoka, linatoka. Akirudi, mtamtazama usoni vipi baada ya shangwe hizo? Hana alianza kuleta kanzu wakati Samweli hajatabiri lolote. Sura ya 3 inasema wazi alikuwa hamjui BWANA bado. Kanzu haikuwa tuzo.

Nimemwambia mwanangu kitanda chake kipo, amalize au asimalize. Sikumwambia arudi. Hayo ni maneno mawili tofauti, na mzazi anaujua mpaka ulio kati yake tumboni.

Kwenye maombi ya Jumatano tutawataja vijana wote walioko mafunzoni, na walimu wao, ili wawe wakali bila ukatili. Tutaitaja pia familia ambayo mtoto wao amerudi hivi karibuni; tafadhali watembeleeni, mkae nao, msiulize kilichotokea. Na wewe uliye na mtoto jeshini, mwandikie leo. Usimwulize amefikia wapi. Mwambie mdogo wake anaendeleaje, nani ameoa, nani amejifungua, na kwamba jina lake linatajwa hapa kila asubuhi.