Dada, rimoti na Prince Caspian

Mtu aliyesoma kitabu hafai kupewa rimoti. Dada yangu alikuwa kashasoma vitabu vyote saba vya C.S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kichawi, tena vingine karudia, na mi nilikuwa sijafungua hata kimoja, nilichokuwa najua ni ile muvi ya kwanza ya 2005 basi, kabati lenye theluji ndani, simba anayeongea, mchawi mweupe, vita, kwisha. Kwa hiyo tulipopata DVD ya Prince Caspian, ile sehemu ya pili iliyotoka 2008, mi nilikaa kuangalia vita na yeye alikaa kufanya ukaguzi.

Haikupita hata dakika kumi akasimamisha. Muvi inaanza usiku ndani ya kasri, mke wa Miraz, anayetawala kwa muda, anajifungua mtoto wa kiume, na mwalimu mzee anakuja kumwamsha Caspian, mwenye haki ya kiti, fasta akimbie maana huyo Miraz, amu yake, sasa kapata mrithi wake mwenyewe, na kweli kijana katoka tu wanajeshi wanaingia wanakimiminia mishale kitanda kitupu. Mi nimeshakaa sawa, moyo unadunda, afu picha ikaganda. "Haianzi hivi," dada akasema. Kumbe kitabuni unaanza na wale ndugu wanne wa muvi ya kwanza, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wako stesheni wanasubiri treni za kuwapeleka shule, wanavutwa ghafla wanajikuta kisiwani, wanazurura kwenye magofu, wanamwokoa kibete mmoja anaitwa Trumpkin, na huyo ndo anakaa chini anawasimulia habari za Caspian sura kama nne hivi mfululizo.

Nikamwambia, "Sasa dada, we ulitaka muvi ianze na watu wamekaa wanasimuliwa hadithi?"

"Kwani we hapo ulipo umekaa unafanya nini?"

Nikanyamaza, akaachia.

Stesheni nayo akaisimamisha. Kwenye muvi ni stesheni ya treni za chini ya ardhi pale London na Peter anapigana ngumi na vijana wenzake kisa mmoja kampiga kikumbo, na dada akasema Peter wa kitabuni hana huo uhuni. Hapo mi sikukubaliana naye na mpaka leo sikubaliani. Huyu jamaa kule Narnia alikua mtu mzima kabisa, mfalme mkuu, kaongoza majeshi, afu karudishwa Uingereza kwenye mwili wa mwanafunzi mwenye tai shingoni anayeambiwa panga foleni, sasa unategemea awe mpole? Ukishamwona anarusha ngumi pale stesheni huna haja ya kuelezwa kwa nini baadaye anagombana na Caspian kila saa. Na zile dakika za kwenye magofu, wanapogundua kwamba hayo mawe yaliyoota nyasi ndo kasri yao wenyewe, Cair Paravel, kwamba kwao umepita mwaka mmoja na Narnia imepita miaka 1300 na kila mtu waliyemjua kashakufa, aisee. Dada mwenyewe hapo hakugusa rimoti.

Pia hakuigusa alipotokea Caspian sura nzima. Kitabuni Caspian ni mtoto wa shule tu, muvi wamemweka Ben Barnes mwenye miaka yake ishirini na kitu, nywele mpaka mabegani. Kosa kubwa kuliko yote ya kabla yake na mkaguzi wetu hakuliona. Natoa taarifa tu.

Kilichomuudhi kweli ni pale korongoni. Ndugu wanne na Trumpkin wanatafuta njia ya kuvuka mto, Lucy anasema kamwona Aslan, yule simba, ng'ambo ya pili, anataka wamfuate, wengine hawaoni kitu. Hiyo ipo kote kote. Ila kitabuni, baada ya kumkatalia na kupita njia yao na kupoteza siku nzima, Lucy anaamshwa usiku na Aslan anamwambia nenda kawaamshe wenzako, waambie wanifuate, wasipokuja njoo peke yako. Basi anawaamsha, wamechoka, wamenuna, wanamfuata mtoto mdogo gizani ambaye naye anafuata kitu wasichokiona, wanashuka gengeni, na kidogo kidogo wanaanza kuona, Edmund wa kwanza, afu Peter, afu Susan, kibete wa mwisho kabisa. Muvi imeikata safari hiyo yote. Lucy anamwona Aslan ndotoni, anaamka, basi.

Dada alisimamisha muvi akaenda kuleta kitabu. Sitanii, akanisomea, na mi nimekaa naitazama sura ya Lucy iliyoganda kwenye skrini nusu imefumba macho. Akasema hiki ndo kitabu chenyewe, ukitoa hii umebakiwa na watu wanaokimbizana msituni na mapanga. Nikamwambia lakini dada utaipigaje picha hiyo, watu watano wanatembea gizani wanaangalia mahali ambapo hakuna kitu? Akasema mtu anayeweza kumfanya panya ashike upanga na kutukana watu hawezi kushindwa na giza. Kuhusu huyo panya, Reepicheep, anayeongea kwa sauti ya Eddie Izzard, hapo tulikuwa kitu kimoja, sina la kuongeza.

Haya, akaachia, tukafika kwenye uvamizi wa kasri.

Kama hujaiona ni hivi. Jeshi la Miraz linakuja, Caspian na viumbe wake wamejificha kwenye kilima cha mawe, Peter anasema tusisubiri, twende tukawapige kwao usiku. Wanabebwa na yale madude nusu tai nusu simba, wanashushwa juu ya minara, Edmund anatoa ishara kwa tochi yake aliyotoka nayo Uingereza, na mpango mwanzoni unaenda vizuri. Afu Caspian anasikia kwamba Miraz ndo alimuua baba yake, anaacha kazi aliyopewa anakwenda chumbani kwa amu yake kumwekea upanga, kengele inalia, kila kitu kinaharibika. Peter bado angeweza kurudi na harudi, anawaita wenzake waliobaki nje waingie. Wanaingia. Baadaye geti lile la chuma linaloshuka kutoka juu linaanza kushuka, jitu moja lenye kichwa cha fahali linalibeba mabegani ili watu watoke, linachomwa mishale mpaka linaanguka, na geti linatua. Peter kashatoka, yuko upande wa nje, anageuka anaona nusu ya watu wake wamebaki ndani, wanamwangalia kupitia vyuma, wanajua na yeye anajua.

Mi nilishaona vita nyingi za kwenye muvi lakini nyingi ni watu wazuri wanashinda. Hii walipigwa, na walipigwa kwa sababu ya kiburi cha yule tuliyekuwa tunamshangilia.

Rimoti ikasikika. Nikajua tayari, sasa naletewa kitabu tena.

"Hii haipo," dada akasema.

"Ipi, la geti?"

"Yote. Kitabuni hakuna mtu anayekwenda kwa Miraz usiku. Wameitunga."

Nikamwambia basi hongera zao maana ndo sehemu kali kuliko zote. Nilitegemea anirushie kile kitabu. Akakaa kimya, akarudisha muvi nyuma mpaka kabla ya uvamizi, pale Lucy anapomuuliza Peter kama kasahau ni nani hasa aliyemshinda yule mchawi, na Peter anamjibu kwamba wamemsubiri Aslan vya kutosha. Akasema, taratibu, kama mtu anayelipa deni asilolitaka, "Wameihamisha. Ile safari ya usiku wameileta huku."

Na ukifikiria ni kweli. Suala ni lile lile, utamfuata usiyemwona au utafuata akili yako, ila kwenye kitabu jibu linakuja kwa kutembea na kwenye muvi linakuja kwa maiti. Andrew Adamson, aliyeongoza hii na ile ya kwanza, alichukua njia ya kelele na mi naona alifanya sawa. Hata pale Caspian na Peter wote wawili wanaposhawishiwa na mchawi aliye ndani ya barafu na Edmund anaivunja kwa nyuma, inaingia akilini kwa sababu tumeona walichotoka kukipoteza. Dada anasema barafu ni sarakasi. Anasema pia mtoto wa kanisani angesoma ile sura ya usiku akaelewa jambo ambalo hakuna upanga utakaomfundisha, na hapo sijawahi kupata jibu zuri.

Watu hawakwenda kwa wingi kama mara ya kwanza. Ile ya 2005 iliingiza zaidi ya dola milioni 700, hii ikaingiza kama milioni 419 wakati kuitengeneza tu inasemekana ilikula milioni 225, na kabla 2008 haijaisha Disney wakajitoa, ya tatu ikaja kufanywa na Fox mwaka 2010. Dada anasema ni malipo ya ile sura waliyoikata. Mi nadhani watu walikwenda kutafuta theluji na kabati wakakuta siasa za kurithi kiti.

Vita ya mwisho tuliiangalia bila kesi yoyote, Peter na Miraz wanapigana wao wawili tu mpaka wote wanahema, miti inaamka, mto unasimama unavunja daraja. Halafu ikaja kuagana, na Susan, ambaye ameshaambiwa yeye na Peter hawatarudi tena Narnia, anamfuata Caspian anambusu mbele ya watu wote. Hilo nalo kitabuni hamna, hata dalili yake hamna, na hata mi nililiona limebandikwa tu. Dada akaokota rimoti. Akarudisha nyuma. Nikasema haya, leta kitabu.

"Kitabu cha nini," akasema, "hebu sogea, unanikinga."